Mkimbiaji Aliyekatazwa Jembe

Tangu nistaafu, siwezi kukaa barazani kwangu asubuhi ya Jumatatu bila mtu kunipa pole. Jirani wa kwanza aliuliza kama ni malaria au ni mgongo. Wa pili hakuuliza kitu, alileta ndizi. Nilipomweleza kwamba nimestaafu, kwamba serikali yenyewe imeniambia nipumzike, alinitazama kwa huruma zaidi, akaondoka, akarudi na ndizi nyingine. Huku milimani mtu mzima mwenye miguu miwili hakai mchana. Akikaa, kuna jambo.

Ndizi hizo ndizo zilizonikumbusha Elieza wa Malindi, Malindi ya huku Usambara, si ile ya pwani. Na kwa kuwa ninyi vijana mlionirithi filimbi mmeniomba niandike kidogo namna kazi ya michezo ilivyokuwa wakati wetu, nitawaandikia habari zake. Vyeo na mishahara hamtavikuta humu. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe, tabia yake haijabadilika.

Nilipelekwa Lushoto miaka michache baada ya Uhuru, kijana wa Tanga mjini, nimevaa shati la mikono mifupi na raba nyeupe. Nilikuwa nimesomea ualimu na nilicheza mpira wa miguu vizuri kiasi, na kwa sifa hizo mbili nikakabidhiwa michezo ya wilaya nzima ya milima. Basi lilipoanza kupanda kutoka Mombo nilichungulia dirishani nikaona bonde lilivyo chini, nikaacha kuchungulia. Niliposhuka Lushoto meno yalikuwa yanagongana. Karani aliyenipokea aliitazama mikono yangu mitupu.

"Bwana Michezo," alisema, "umekuja kucheza au umekuja kufa?"

Jina hilo la Bwana Michezo nikabandikwa siku hiyo na halijabanduka. Hata mke wangu hulitumia akikasirika.

Akanionyesha stoo. Vifaa vya wilaya vilikuwa mpira mmoja wa ngozi usio na kibofu, kamba ya kuvutana, filimbi, na saa ya kupimia mbio ambayo kitufe chake kilikuwa kimekwama, kwa hiyo ili isimame ilibidi uigonge gotini. Saa hiyo nilikaa nayo miaka mingi sana na goti langu la kulia linaikumbuka kila msimu wa baridi. Filimbi ilikuwa nzima, ila nilijifunza mapema kwamba ikilala nje kwenye ukungu kokwa lake huvimba, na asubuhi unapuliza mbele ya shule nzima inatoka pumzi tupu. Ivaeni ndani ya shati. Na chokaa ya kuchorea uwanja ikikosekana, na itakosekana, tumieni majivu. Majivu hukaa vizuri, mradi mumwombe mwenye jiko kabla hajayamwaga, na mumwombe kwa heshima, maana mama wa Kisambaa akikuona unamkimbilia kwa sababu ya majivu atadhani umerukwa na akili.

Mwalimu wangu wa kazi sikumkuta ofisini. Nilimkuta kwenye shamba lake dogo la plamu na pichesi, nyuma ya mji. Tulimwita Sajini. Alikuwa Mngoni kutoka kusini, alikimbia mbio ndefu jeshini enzi za mkoloni, akaoa Lushoto, akabaki. Alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa mkewe, ambaye yeye ndiye aliyekuwa mkali. Kila nilipokwama nilimwendea, naye kila mara alinipa kikapu nichume matunda kwanza ndipo anijibu. Nadhani nusu ya mavuno yake ya miaka ile ilichumwa na serikali.

Sajini alinifundisha mbio ndefu kwa lugha ya wachukuzi. "Mazoezi ni mzigo," alisema. "Unamwongezea mtu kidogo kidogo, wiki hii mbali, wiki ijayo mbali zaidi, mpaka afike pale ambapo anakuchukia. Hapo mzigo umejaa. Sasa kosa la watu wengi ni kumpeleka kwenye mashindano na mzigo wake kichwani. Lazima autue kwanza. Wiki za mwisho unampunguzia, leo mbio fupi, kesho fupi zaidi, na zaidi ya hapo ale, alale, asifanye kazi yoyote nzito. Mkimbiaji haharibiki mlimani, Bwana Michezo. Anaharibika wiki za mwisho, nyumbani kwa mama yake."

Wiki hizo aliziita wiki za kutua. Mimi niliandika maneno yake moyoni nikaona kwamba sehemu ngumu ni ile ya kupanda, na hiyo ya kutua ni rahisi, nani atashindwa kupumzika? Nilikuwa bado mgeni.

Elieza nilimpata kwenye michezo ya sikukuu pale Lushoto. Alikuwa mchukuzi wa mboga, anabeba kabichi kutoka mashamba ya Malindi hadi kwenye lori, na siku nyingine lori likikosekana anazibeba mpaka sokoni. Siku hiyo alipita uwanjani na tenga lake, akaona watu wamejipanga, akauliza kuna nini. Alipoambiwa ni mbio za kuzunguka mji, alilitua tenga kwenye mstari, akakimbia peku, akashinda, akarudi akalitafuta tenga lake na kuuliza nani ameigusa kabichi ya juu. Nilimshika mkono palepale nisimpoteze.

Alikuwa mtoto wa pekee wa mjane, mama mmoja mfupi, Mlutheri wa kweli, aliyekuwa na shamba safi kuliko nyumba za watu wengine. Elieza aliimba besi kwenye kwaya, na hakuwa na neno baya na mtu. Mwaka wa kwanza tulimpeleka Dar es Salaam kwenye marathoni ya taifa, maili ishirini na sita na ushee, na kwa zaidi ya nusu ya njia alikwenda na wakubwa wa nchi bega kwa bega. Kisha miguu ikakataa. Alikaa chini kando ya barabara, akapakiwa kwenye lori linalookota walioshindwa. Habari zilifika Malindi kabla yetu, na watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina. Walimwita Abiria.

Jina la utani huku haliombi ruhusa. Kufika mwezi mmoja wazee nao walimwita Abiria, na dereva wa lori la mboga, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alimpigia honi kila akipita: "Abiria, kuna nafasi!" Elieza alicheka pamoja nao. Mama yake hakucheka. Mkoa nao ukatuambia kwamba mwaka unaofuata Lushoto tungepewa nafasi mara moja tu, na mtu wetu akikaa tena barabarani, nafasi inakwenda kwa wengine na haitarudi kwa Elieza.

Nilikwenda kwa Sajini nikiwa na uchungu. Akanipa kikapu. Nilipochuma mpaka mikono ikanuka plamu, aliuliza swali moja tu: "Jumamosi ile kabla ya kusafiri, alifanya nini?"

"Alikuwa kwenye shamba la kijiji," nikasema. "Walikuwa wanakata matuta."

"Kutwa?"

"Kutwa."

Sajini alichukua kikapu chake akaenda zake, na mimi nikabaki pale chini ya mplamu nikiwa nimeelewa.

Mwaka wa pili tukaanza upya. Mbio ndefu za kwanza zilikuwa Malindi hadi Shume na kurudi, ndani ya msitu, njia laini ya majani makavu, yeye kwa miguu na mimi kwa baiskeli. Msitilie shaka hiyo baiskeli. Kwenye mteremko nilimpita kwa fahari, na kwenye mlima niliisukuma, na kwa kuwa Usambara ina milima mingi kuliko miteremko, jambo ambalo mabingwa wa hesabu hawawezi kunieleza, muda mwingi nilikuwa nyuma nikitazama visigino vyake.

Tatizo la kwanza halikuwa miguu. Elieza alilelewa na mama yake, na alilelewa vizuri mno kwa mtu wa mbio. Hakuweza kumpita mtu mzima bila shikamoo, na shikamoo ya kule haitolewi ukikimbia. Unasimama, unavua kofia, unasubiri marahaba, unaulizwa mama hajambo, unajibu, nawe unauliza watoto, unajibiwa mmoja mmoja. Njia ya Kifungilo kwenda Lushoto siku ya gulio ina wazee wengi kuliko mawe.

"Ungempungia mkono tu," nikamwambia siku moja, baada ya mzee wa tatu.

Alinitazama kama niliyemtukania ukoo. "Nimpungie mkono mzee, Bwana Michezo? Kama basi?"

Basi nikabuni njia. Nilitangulia na baiskeli, nikashuka mbele ya kila mzee, nikasema, "Shikamoo mzee. Na kijana anakuja nyuma yangu, anakimbia, naomba umpokelee yake kabisa." Wengi walikubali huku wakitikisa vichwa na kuniambia haraka haraka haina baraka. Lakini mzee mmoja wa Magamba, kikongojo mkononi, alikataa katakata. "Shikamoo yako nimeipokea, mgoshi," alisema, yaani mwanamume kwa Kisambaa. " Ya kwake aje aniletee mwenyewe." Elieza akaipeleka kweli, Jumapili baada ya ibada, na alipofika alikuta wengine nao wanamsubiri. Siku hiyo ilimchosha kuliko Shume.

Sajini alipanga mbio ya mwisho iliyo ngumu kuliko zote: Mombo hadi Magamba. Anayeijua barabara ile anajua kwamba haina huruma. Unaanza chini kwenye joto la mkonge, unapanda kwa kona hadi Soni, kutoka Soni unaendelea kupanda hadi Lushoto, na ukiona Lushoto ukadhani umefika, unaambiwa bado mlima mwenyewe. Tulianza alfajiri. Nilikuwa na chupa ya uji mwepesi wenye chumvi kidogo na sukari, na vipande vya muwa mfukoni. Sajini alipanda basi, akasema atatungoja Lushoto na machungwa.

Sasa, huku mtu mzima hakimbii barabarani bila sababu, na sababu ni moja. Anapeleka habari za msiba. Elieza alipopita sokoni Soni amelowa jasho, uso umemkunjika, hana tenga wala fimbo, wauza ndizi walisimama wote. Mama mmoja alishika kichwa. "Ni nani jamani?" Elieza akajibu kwa pumzi iliyobaki kwamba hakuna, ni mazoezi tu, lakini mtu anayepeleka msiba naye husema hakuna, mpaka afike kwa wenyewe. Mimi na baiskeli yangu tulipotokea, tuliwakuta akina mama wamekwisha kufunga biashara, wamejifunga kanga za pili, wana unga na kuni kichwani, wako njiani kwenda kwenye matanga ya mtu asiyekuwapo. Niliwaomba warudi. Niliapa. Mwishowe waliamini, wakakasirika.

"Sasa unga huu tuupeleke wapi?" aliuliza yule wa kwanza.

Nilisukuma baiskeli nikaondoka nikiwa nimeinamisha kichwa kama mfiwa.

Pale Lushoto Sajini alimpa Elieza chungwa, akaanza kutembea mbele yake kuelekea Magamba kana kwamba ana safari zake. Ukungu ulikuwa umeshuka, mvua nyembamba inanyesha. Katikati ya mlima ule Elieza alianza kutembea. Kisha akasimama. Alikuwa analia, si kwa sauti, machozi tu yanachanganyika na mvua, na alisema, "Bwana Michezo, miguu imekataa. Ni ileile ya Dar." Nilimpa kipande cha muwa. Chuo cha ualimu hakifundishi kumtuliza mtu anayelia mlimani.

Ndipo tukasikia lori la mboga likipanda tupu kwenda Malindi. Dereva alitutambua, akapunguza mwendo, akatoa kichwa nje kwa furaha kabisa. "Abiria! Panda, kuna nafasi!"

Elieza alilitazama lori. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nyuma kulikuwa na turubai kavu. Kisha akajifuta uso, akasema, "Tangulia, kaka," akaanza kukimbia. Dereva, ambaye bado hakuelewa, akaenda taratibu ubavuni mwake akimsihi apande, mvua itamuua, na hivyo ndivyo walivyofika Magamba, lori na mtu sambamba, na honi inalia. Nilipofika mimi, Elieza alikuwa amelala chali kwenye majani anacheka, na Sajini, aliyepita njia za mkato, amemvulia koti lake. Nilikaa karibu yao nikalia, na sioni haya kulisema. Nilijua kwamba mzigo umejaa na mgongo umeubeba.

Sajini alinivuta pembeni. "Haya. Sasa ndiyo kazi inaanza. Mtue."

Nilikwenda Malindi kwa Mwenyekiti wa kijiji nikiwa na furaha ya mjinga. Mwenyekiti alikuwa mzee mnyoofu, hakumwonea mtu na hakumpendelea mtu. Miaka ile shamba la kijiji lilikuwa ndilo kipimo cha mtu. Kila mwenye nguvu alikuwa na kipande chake cha kulima kwenye mteremko, na asiyetokea aliitwa kupe, mbele ya watu, na mwanawe aliambiwa shuleni. Na wiki zetu za kutua ziliangukia palepale kwenye wiki za kukata matuta, kabla ya mvua.

"Kijana aliyepanda kutoka Mombo kwa miguu," alisema Mwenyekiti, "unaniambia hawezi kushika jembe?"

"Anaweza, mzee. Ndiyo maana nakuomba asilishike."

"Mchumia juani hulia kivulini, Bwana Michezo. Huyu wako anataka aanze na kivuli."

Nilieleza habari za mzigo na kutua. Alisikiliza kwa adabu zote, akaniambia kwamba hayo ni maneno ya pwani. Hata hivyo alinipa siku chache afikirie, na Elieza akabaki nyumbani.

Kama mngeona siku hizo! Siku ya kwanza alikaa kwenye kigoda mlangoni, na kila aliyepita na jembe begani alisimama kumpa pole. Siku iliyofuata wakaanza kuleta vyakula: makande, ndizi, maziwa ya mgando, na bibi mmoja alileta kuku mzima aliyechemshwa na majani machungu ya dawa. Elieza hakuweza kukataa chakula cha wakubwa. Ilibidi nije kila mchana nikakile kwa niaba ya wilaya. Jumapili ndiyo ilikuwa kilele. Mchungaji aliwataja wagonjwa wa usharika, na Elieza akiwamo, na watu wakainamisha vichwa kumwombea apone, naye mgonjwa mwenyewe amesimama mstari wa nyuma wa kwaya, akiitikia amina kwa sauti ya besi inayotikisa madirisha.

Waliomwona akiimba wakatoka wameelewa kwamba si mgonjwa. Hilo likawa baya zaidi. Pole zikakoma, na neno kupe likaanza kusikika kisimani.

Mwenyekiti akapata suluhu, na ilikuwa ya busara. Elieza awekwe kwenye kibanda cha kulinda mahindi ya kijiji ya bondeni yasiliwe na ngedere. Kazi ya kukaa, na ni kazi, hakuna wa kumwita kupe. Nilimshukuru sana. Kesho yake nilikwenda kumtembelea, nikakuta kibanda kitupu. Nikatazama juu. Elieza alikuwa mbali kule mlimani, jiwe mkononi, anawafukuza ngedere kuelekea msituni, na kwa mwendo ule ngedere wa nyuma alikuwa kwenye hatari ya kukamatwa.

"Elieza! Nilikwambia ukae!"

"Wamechukua mahindi ya kijiji, Bwana Michezo," alijibu akihema. "Ningekaa?"

Ulinzi ukaishia hapo.

Jioni ile kulikuwa na mkutano wa kijiji na Mwenyekiti alitaka yaamuliwe. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuitoa, kwa sababu mama yake Elieza alisimama kabla yangu. Sikuwahi kumsikia akisema mbele za watu. Alishika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu mmemwita Abiria nikanyamaza," alisema. "Sasa mnamwita kupe. Mimi habari za mbio sizijui, lakini mwaka jana nilimtuma kwenye shamba la kijiji, akaenda Dar amechoka, akarudi na jina. Basi kipande chake nalima mimi. Changu na chake. Msinisaidie. Na akirudi amekaa chini tena, hilo jina niiteni mimi."

Mwenyekiti alikohoa. "Kipande ni kipande," alisema. "Kikilimwa, kijiji hakiulizi mkono wa nani."

Kwa hiyo mama akalima. Mteremko wa shamba la kijiji ulitazamana na mlango wao, na Elieza kwenye kigoda chake aliona kila jembe lilivyoinuka na kushuka. Asubuhi alikimbia kidogo, mbio za kuamsha miguu tu, kisha akarudi kukaa, na mama yake kule ng'ambo anamaliza kipande kimoja, ananyoosha mgongo, anaingia cha pili. Nilikaa naye siku nyingi, maana niliogopa nikigeuka ataruka. Siku moja alinishika mkono.

"Bwana Michezo, nirudishe Mombo. Nipandishe mara tatu. Hii siiwezi."

"Unaiweza," nikasema. "Ndiyo hii."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku zile niliona kwamba na mwana ana wake. Nililia njiani nikirudi, nikasingizia ukungu. Faraja yetu ilikuwa Mwenyekiti. Mzee yule, aliyekuwa na shughuli kila kona, ghafla aliona haja ya kulima mwenyewe sehemu iliyopakana na mama, na jembe lake likawa halijui mpaka vizuri. Kila siku lilipotea likaingia kwa mama hatua kadhaa. Mama alipomtazama, mzee aliangalia mawingu.

Dar es Salaam joto lilikuwa lilelile. Sikukaa kwenye mstari wa mwisho na viongozi. Nilikwenda nikasimama palepale alipokaa chini mwaka uliotangulia, na saa yangu mbovu mkononi, na moyo unanidunda kuliko wa mkimbiaji. Wapo waliomtangulia, sitadanganya. Kisha nikamwona anakuja, mwendo wake uleule wa Malindi, mabega yametulia kama mtu asiye na mzigo kichwani. Nilijiandaa kumpigia kelele asisimame. Akanikaribia, akageuza uso.

"Shikamoo, Bwana Michezo!"

Na akapita. Hakusimama, hakuvua kofia, hakusubiri marahaba. Ilikuwa shikamoo ya kwanza maishani mwake kuitoa akikimbia, na mimi niliiitikia nyuma ya mgongo wake kwa sauti mpaka askari wa barabarani akaniuliza kama huyo ni mwanangu. Nikamwambia ndiyo. Alimaliza kwa miguu yake mwenyewe, akiwa wa mbele kiasi cha kuufanya mkoa unyamaze, na saa niliisahau ikaendelea kwenda mpaka jioni.

Tuliporudi, dereva wa lori la mboga alitukuta Lushoto. Alishuka akamfungulia mlango wa mbele. "Karibu, Elieza," alisema, na Elieza akapanda, kwa sababu sasa aliweza kupanda.

Malindi hakwenda nyumbani. Alishuka barabarani akakata moja kwa moja kwenye mteremko, mimi nyuma yake. Mama yake alikuwa kwenye kipande cha mwisho, na watu wengine wote walikuwa wameinua vichwa isipokuwa yeye. Elieza aliweka mkoba chini, akavua kofia, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika kwa miguu yako?"

"Kwa miguu yangu, mama."

Mama alivuta jembe mara mbili tatu zaidi, nadhani ili apate mahali pa kuangalia. Elieza alishika mpini. "Lete, mama. Utue."

"Nikikaa mchana watasema naumwa."

"Waseme."

Wote wawili walilishika lile jembe kwa muda, hakuna anayeachia. Kisha mama akaachia. Alikaa kwenye tuta, akanyoosha miguu mbele yake, nami kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimemwona ameketi jua likiwa juu. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, akavificha ndani ya kanga. Elieza alianza kulima, na kwa kuwa alikuwa amekatazwa wiki zote zile, alilima kama anayezima moto, udongo unaruka, watu wanacheka. Mama yake alimtazama mpaka alipofika katikati ya kipande.

"Elieza," alimwita, "polepole, mwanangu. Hakuna anayekukimbiza."